Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya kumbukumbu za taifa: tuokoe nyimbo zetu mashine zingalipo

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya utamaduni na sanaa, Serikali ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania;
Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana hiyo, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar;
Uongozi wa TBC na ZBC;
Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa.

YAH: OMBI LA CHUMBA KIMOJA CHA UMMA CHA KUCHEZEA NA KUNAKILI SANTURI, TEPU NA KASETI ZA KILA AINA

Waheshimiwa,

Salamu kutoka Tanga. Mimi ni fundi redio hapa Ngamiani, na kwa sehemu kubwa ya maisha yangu nimekuwa nikikusanya muziki wa Afrika Mashariki katika kila umbo uliowahi kuuzwa nalo: sahani nzito za mizunguko 78 kwa dakika, santuri ndogo za mizunguko 45, elpii zile kubwa za nyimbo nyingi, tepu kubwa za rili, kaseti. Naandika kuwaomba mfungue chumba kimoja cha umma, chenye mashine nzima na mafundi wanaozijua, ambamo kila umbo la sauti litachezwa, litanakiliwa na kuandikwa kwenye daftari. Naomba kifunguliwe sasa, wakati watu waliozifanyia kazi mashine hizi bado tunao.

Chukueni wimbo wa dansi wa miaka ya 1970, ule wa dakika nane au tisa, unaoanza taratibu kwa mashairi na kumalizikia kwenye chemko, sehemu ya kasi ya kuchezea. Upande mmoja wa santuri ya 45 hauwezi kuubeba wote, kwa hiyo kampuni iliukata: Sehemu ya Kwanza upande huu, Sehemu ya Pili upande ule. Ninayo moja mezani ninapoandika. Mwimbaji anamaliza ubeti wa tatu, gitaa la rizimu linamjibu, gitaa la solo linaingia kidogo tu, na sauti inaanza kushushwa mpaka kimya. Ukigeuza sahani, chemko imeshapamba moto. Kile kipande cha katikati, pale bendi ilipobadilisha mwendo, hakimo kabisa. Tepu ya redio ya wimbo uleule inacho, na wapiga tarumbeta unawasikia wakivuta pumzi kabla ya kuingia. Halafu kuna kaseti niliyoipata sokoni, iliyorekodiwa na msikilizaji kutoka kwenye kipindi cha salamu: wimbo ni huohuo, umekosa mwanzo, na juu yake mtangazaji anasoma majina ya watu na vijiji vyao.

Kwangu zote tatu ni hazina. Santuri ina lebo, na kwenye lebo kuna jina la bendi, mara nyingi na la mtunzi, na namba ya toleo. Tepu ina urefu kamili na sauti safi. Kaseti imebeba namna wimbo ulivyoishi majumbani, na mara nyingine ndiyo pekee iliyobaki. Tena waimbaji wetu walikuwa wakihama bendi kila mara, kwa hiyo wimbo mmoja unaweza kuwa ulirekodiwa Dar es Salaam kwa sauti ya mtu mmoja na Nairobi kwa sauti ya mwingine. Mwenye tepu peke yake hajui alichokosa, na mwenye santuri peke yake hali kadhalika. Ndiyo maana hifadhi ya aina moja tu ya chombo, hata ikiwa nzuri namna gani, itatuachia historia yenye mapengo.

Kutawanyika huku kulianza zamani. Mwaka 1928 mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari hadi Bombay kurekodi kwa ajili ya kampuni ya santuri ya HMV, na sahani zikarudi kuuzwa Unguja na kote pwani. Tangu mwaka 1933 santuri za GV, mfululizo wa HMV hiyohiyo, zilituletea muziki wa Cuba, na vijana wa Dar es Salaam, Tanga na Morogoro wakajifunza kwa kuziweka tena na tena kwenye gramafoni. Jina la Cuban Marimba, bendi ya Salum Abdallah kule Morogoro, linajieleza lenyewe. Baada ya Vita Kuu ya Pili, kurekodi kukahamia Mombasa na Nairobi. Sahani za lebo ya Mzuri ya Mombasa bado zinapatikana katika nyumba za hapa Tanga, na nyingi ya taarabu za Black Star na Lucky Star, vikundi vya hapa Tanga, ninazozifahamu zilitufikia kwa njia hiyo, ingawa waimbaji walikuwa majirani zetu. Upande wa magharibi, mpiga gitaa Jean Bosco Mwenda aliimba kwa Kiswahili cha Katanga, Kongo, na mtu aliyemrekodi mwaka 1952 kule Jadotville, mji unaoitwa sasa Likasi, alikuwa Hugh Tracey. Mkusanyo wa Tracey uko Afrika Kusini, Makhanda, katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954. Humo zimo na sauti alizozichukua Tanganyika miaka hiyohiyo ya 1950.

Kisha ikaja Radio Tanzania Dar es Salaam. Sisi hatukuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, kwa hiyo studio ya redio, pale Barabara ya Pugu ya wakati huo, ndiyo iliyokuwa studio ya taifa. NUTA Jazz, Western Jazz, Dar es Salaam Jazz, Urafiki, Vijana Jazz, Mlimani Park, Maquis, Atomic na Jamhuri za hapa kwetu Tanga, Tabora Jazz, vikundi vya taarabu, kwaya na ngoma za mikoani: kurekodi kwao kulimaanisha kusimama mbele ya maikrofoni za redio, na kilichotoka kilikuwa tepu. Baadhi ya tepu zilisafiri kwenda Nairobi kuchapwa santuri. Nyingine hazikutoka nje ya jengo. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka na Kenya ukafungwa, usifunguliwe mpaka 1983. Santuri ya bendi ya Tanzania iliyochapwa Nairobi katika miaka hiyo ilikuwa adimu kwenye maduka ya Dar es Salaam. Mwimbaji na mpiga gitaa Mbaraka Mwinshehe alifariki kwa ajali upande huohuo wa mpaka, karibu na Mombasa, Januari 1979, na kazi zake nyingi za mwisho ziko kwenye sahani za Kenya. Mwenye kutaka kumsikia Mbaraka wote lazima awe na mashine mbili na aulizie katika nchi mbili.

Nimeyasimulia haya kwa kirefu kwa sababu yanaeleza kwa nini hakuna ghala moja lenye kila kitu. Redio ina tepu. Watu wana santuri na kaseti. Nje ya nchi kuna vya kwao. Mpaka leo hakuna mahali ambapo vitu hivi vinakutana juu ya meza moja.

Sasa niseme namna vinavyokufa, maana kila kimoja kina ugonjwa wake, na hapa ndipo fundi anapohitajika kuliko hotuba.

Sahani ya 78 imetengenezwa kwa sheliki, utomvu wa mdudu wa India. Ni ngumu na ni nyepesi kuvunjika. Ikianguka sakafuni imekwisha. Sindano za chuma za gramafoni zilikuwa zikitupwa baada ya upande mmoja tu, na aliyeendelea kutumia sindano moja wiki nzima alichonga sahani yake mpaka ikawa kijivu. Sindano ya kisasa ya elpii ni nyembamba mno kwa mfereji wa 78. Itasoma vumbi la chini na kuacha sauti kwenye kingo. Na mtu asije akasafisha sahani hizi kwa spiriti. Spiriti inayeyusha sheliki. Nimeletewa sahani iliyofutwa kwa spiriti na kijana mwenye nia njema kabisa, na upande wote ulikuwa laini kama kioo, bila mfereji wala sauti. Maji yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke wake, kitambaa laini na subira vinatosha.

Tepu za rili ndizo zinazoninyima usingizi. Ziko za aina mbili, na kuzitofautisha hakuhitaji maabara: inua rili mbele ya dirisha. Ukiona mwanga unapenya ubavuni mwa utepe, hiyo ni asetati, ya zamani zaidi. Ikiwa giza, ni poliesta. Asetati ikianza kuoza inanuka siki. Ukifungua boksi harufu inakupiga usoni kabla hujasoma jina la bendi, utepe umejikunja kingo, na ukiuvuta unakatika. Mbaya zaidi, mvuke ule wa siki huchochea uozo wa tepu zilizo karibu, kwa hiyo rili moja iliyooza kwenye rafu lisilopitisha hewa ni hatari kwa rafu zima. Poliesta nayo, hasa ya miaka ya 1970 na 1980, ina balaa la aina nyingine: gundi inayoshika vumbi la sumaku hunywa unyevu wa hewa na kuwa ulimbo. Ukiweka kwenye mashine inapiga kelele, inakwama, na inaacha uchafu wa kahawia kwenye vichwa vya kusomea. Uchafu huo ndio muziki wenyewe, umebanduka. Tepu kama hizo zinaponyeka kwa muda: zinapashwa moto mdogo, nyuzijoto kama 50, kwa saa nyingi ndani ya kifaa kinachodhibiti joto, halafu zinanakiliwa haraka kabla hazijanywa unyevu tena. Lakini ukiipasha tepu ya asetati namna hiyo umeimaliza. Mtu asiyejua kuinua rili mbele ya dirisha anaweza kuteketeza mkusanyo mzima katika juma moja akidhani anauokoa.

Kaseti, zilizoanza kuuzwa na Philips mwaka 1963, zina utepe usiofika milimita nne kwa upana, na zile za dakika 120 utepe wake ni mwembamba mno, unavutika kwa kuangaliwa tu. Hapa pwani adui wake ni ukungu. Unaonekana kupitia kidirisha, unga mweupe kwenye duara la utepe, na ukiicheza hivyo unaupeleka kwenye mashine na kutoka hapo kwenye kaseti zote zitakazofuata. Kuna kale kasponji kanakosukuma utepe kwenye kichwa. Gundi yake hukauka, kanadondoka, na sauti inakuwa kama ya mtu anayeimba chumba cha pili. Mwenye kaseti anaitupa akidhani imekufa. Kumbe matengenezo yake ni ya dakika kumi.

Kaseti hizi msizidharau. Kwenye kaseti ndimo zilimo harusi za taarabu, na harusi hazikurekodiwa na redio wala kampuni. Mtu aliweka redio kaseti juu ya kiti, akabonyeza vitufe viwili, na mwimbaji akaimba beti ambazo hakuwahi kuziimba studio, za mafumbo yaliyomlenga mtu aliyeketi palepale. Unasikia vigelegele, unasikia mwimbaji akisita kidogo wakati wa kutunzwa, unasikia watoto. Ninazo za Tanga, za Pemba, na moja iliyorudi kutoka Maskati, ambako jamaa zetu walizihifadhi kuliko sisi tulivyozihifadhi hapa. Nakala ya pili ya kaseti ya namna hiyo huenda haipo popote.

Waheshimiwa, hata kama kanda zote zingekuwa salama, mashine zinatukimbia. Mwaka 2019 UNESCO na chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti, IASA, walianzisha mradi wa tahadhari kuhusu kanda za sumaku. Walichosema ni kwamba kuanzia takriban mwaka 2025 mashine za kuchezea kanda hizo, vipuri vyake na utaalamu wake havitapatikana tena kwa urahisi. Huku kwetu tuliona hayo mapema. Mpira wa kubana utepe ukikauka hakuna duka la kununua mwingine. Mimi hutafuta mashine mbovu mbili ili nipate nzima moja. Mkanda wa mota hukatika au kugeuka lami. Vichwa vya kusomea huliwa, na kichwa kilicholiwa hupoteza sauti za juu kwanza, yaani matoazi na mvuto wa hewa wa mwimbaji. Kila ofisi ya umma inayofanya usafi na kupeleka mashine ya rili mnadani kama mali chakavu inauza vipuri ambavyo kesho fedha za maendeleo hazitaweza kuvinunua.

Na mafundi. Wale tuliokuwa tukiwaita mafundi mitambo, waliokaa upande wa pili wa kioo wakati bendi inapiga, wanajua mambo ambayo hayakuandikwa: tepu hii ilirekodiwa kwa mwendo upi, sentimita 19 kwa sekunde au 38, kwa nini boksi lina jina la bendi moja na ndani mna bendi nyingine, nani alipiga saksafoni siku ile mpigaji wa kawaida alipougua. Wamestaafu. Wengine wametutoka. Mzee mmoja wa kazi hiyo hunisomea maandishi ya kwenye maboksi nikimpelekea picha, anatambua mwandiko wa mwenzake na kutaja mwaka. Maarifa ya namna hii hayajawahi kuwekwa kwenye bajeti ya mtu yeyote.

Nakiri kwa heshima kwamba juhudi za kuhamisha kanda za redio kwenda kwenye kompyuta zimewahi kuanzishwa, na ninawashukuru walioshiriki. Ombi langu linakwenda mbele ya hapo. Mradi una mwanzo na mwisho, mfadhili akiondoka mlango unafungwa. Chumba ninachokiomba kiwe na kasma yake, watumishi wake na daftari lake, kama ilivyo kwa chumba cha nyaraka za karatasi. Za karatasi tumezijali: nyaraka za utawala wa Kijerumani zilizomo katika hifadhi yetu ziliingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997, na maandiko ya Kiarabu ya Zanzibar mwaka 2003. Nafurahi kwa hilo. Lakini barua za gavana zimepata heshima hiyo, na sauti za watu aliowatawala, na za watoto wao waliokuja kuimba uhuru, zinasubiri kwenye maboksi.

Gharama si ya kutisha. Saa moja ya muziki wa mono, ikinakiliwa kwa kiwango kizuri cha kuhifadhi, yaani biti 24 na kilohezi 96, inachukua karibu gigabaiti moja. Diski ya terabaiti 4, inayouzwa katika maduka ya kompyuta ya Kariakoo, inabeba zaidi ya saa 3,500. Nunueni tatu, moja ikae Dar es Salaam, moja Dodoma, moja Unguja. Kinachogharimu ni muda wa mtu, maana tepu ya saa moja huchezwa kwa saa moja, na ukiongeza kusafisha, kurekebisha kichwa na kuandika maelezo unafika saa mbili au tatu. Kazi hiyo ni ajira. VETA ina vyuo mikoani, Tanga kikiwamo. Vijana wanaojifunza umeme na elektroniki wangeweza kukaa na mafundi mitambo wastaafu, kwa mkataba na malipo ya heshima, wakajifunza kufungua mashine ya rili kabla mwalimu hajaondoka.

Kuhusu sisi wakusanyaji niseme wazi, maana najua maofisini tunatazamwa kwa shaka. Wengi wetu tuko tayari kuleta tulivyo navyo. Kinachotuzuia ni woga tulioupata kwa sababu. Nilimsindikiza jirani yangu, mzee aliyewahi kupiga besi, kupeleka boksi la tepu za bendi yake kwenye ofisi moja ya umma. Walizipokea kwa tabasamu, bila risiti, bila kuandika hata idadi. Aliporudi baada ya muda kuomba nakala ya wimbo mmoja tu, hakuna aliyejua boksi liko wapi, na aliyelipokea alikuwa amehamishwa. Mzee amefariki bila kuusikia tena. Tangu hapo kila mkusanyaji aliyeisikia habari hiyo anakaa na vyake chumbani, chini ya kitanda, juu ya kabati, palepale penye mchwa na mvuke wa bahari.

Kwa hiyo utaratibu uwe huu: mtu alete, aandikiwe risiti yenye orodha na picha, vinakiliwe, arudishiwe vyake pamoja na nakala. Asilazimishwe kutoa. Wapo watakaoamua kuacha vitu vyao kwa hiari wakishaona rafu safi na kiyoyozi kinachofanya kazi. Na tuwe na daftari la wazi ambamo mkusanyaji anaandika tu kwamba anayo sahani fulani, lebo fulani, namba fulani, ili ikijulikana kwamba tepu ya redio imeharibika katikati, pajulikane pa kuutafuta ule upande wa pili. Daftari hilo lingeweza kuanza mwezi ujao kwa kompyuta moja na karani mmoja mwenye masikio.

Msipofanya hivyo soko litafanya. Wanunuzi kutoka Ulaya na Marekani wanazijua 45 zetu kuliko maofisa wetu. Wanapita Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam na hapa Tanga, na wanalipa. Siwalaumu. Baadhi ya sidii nzuri za muziki wa dansi na taarabu zilitolewa Ufaransa, zikiwa na maelezo ya kina, na bila hizo vijana wengi wasingewahi kusikia nyimbo hizo. Lakini warithi wanaouza sanduku la marehemu baba yao kwa bei ya jumla hawajapewa mahali pengine pa kwenda. Tuliopo hapa tukitaka kusikiliza tutakuwa tunaomba ruhusa ng'ambo, kama ambavyo mtafiti wa muziki wa Tanganyika leo huelekezwa Makhanda.

Wenzetu wamethubutu. Rekodi alizozifanya mtafiti wa muziki Klaus Wachsmann Uganda, zilizokuwa zikitunzwa London, zimepata nakala zake Chuo Kikuu cha Makerere, na hifadhi ya sauti pale imepewa jina lake. Nairobi, Ketebul Music wamewatafuta wanamuziki wazee wa benga na wa muziki wa Wakikuyu, wakawahoji, wakachapisha nyimbo na habari zao pamoja. Wakenya hao wamekutana na bendi zetu katika kazi yao kila siku, kwa kuwa nyimbo zetu zilichapwa kwao. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyopo leo ina makao makuu Arusha, kwetu. Siombi mkataba mkubwa. Naomba TBC, ZBC na KBC ya Kenya wakae wapeane orodha, ili tepu iliyobaki Dar es Salaam ikutane na sahani iliyobaki Nairobi. Najua pia kwamba utamaduni si jambo la Muungano na kila upande una wizara yake. Ndiyo maana barua hii nimeipeleka pande zote mbili. Waimbaji wa taarabu walikuwa wakivuka na boti bila kuuliza faili la wimbo ni la wizara ipi.

Limebaki suala la haki, na hili lisipowekwa sawa tangu mwanzo litatugawa. Nyimbo zina wenyewe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ipo, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ipo. Mjane wa mpiga gitaa anastahili kujua wimbo wa mumewe umehifadhiwa wapi na nani anautumia. Napendekeza mambo mawili yatenganishwe kwenye kanuni za chumba hicho: kusikiliza ndani ya chumba kuwe bure kwa kila mtu, mwanafunzi, mtafiti au mjukuu wa mwimbaji, na matumizi yoyote ya biashara, tangazo, filamu, toleo jipya, yapitie kwa wenye haki, na malipo yaandikwe. Daftari la chumba, likiwa na majina yaliyosomwa kwenye lebo na kwenye maboksi ya tepu, litakuwa ushahidi ambao familia nyingi leo hazina.

Tarehe 27 Oktoba kila mwaka dunia huadhimisha siku ya urithi wa sauti na picha. Ningependa siku hiyo mwaka huu mtoe tamko lenye mambo matatu tu: kwamba hakuna ofisi ya umma itakayouza au kutupa mashine ya rili, deki ya kaseti au kichezeo cha santuri bila kuipeleka kwanza kwa mafundi wa chumba hiki, kwamba mafundi mitambo wastaafu wanaitwa, na jina la atakayewapokea, na kwamba daftari la wakusanyaji limefunguliwa. Jengo linaweza kusubiri. Chumba chenye paa lisilovuja, umeme wa uhakika na dirisha moja la kuinulia rili kinatosha kuanzia.

Kwa upande wangu, nitaleta mashine mbili za rili zinazofanya kazi, boksi la vichwa na mipira niliyoikusanya kutoka mashine mbovu, na sindano za 78 za ukubwa mbalimbali. Nitakuja na sahani zangu kwa zamu zinakiliwe, kuanzia za Mombasa zenye taarabu ya Tanga, kwa kuwa ndizo zinazoulizwa zaidi na watu wa hapa. Wenzangu wa Muheza, Korogwe na Pangani nimeshaongea nao. Wanasubiri kusikia risiti itaandikwaje. Nipo tayari kuja Dar es Salaam, Dodoma au Unguja nitakapoitwa.

Wenu katika kazi,

Fundi redio na mkusanyaji wa santuri na kanda,
Ngamiani, Tanga